Alhamisi za Lesia

Kabla Maricel hajaja, chumba kikubwa cha ghorofa ya pili kilikuwa mali ya mwenye sauti. Mlangoni palibandikwa karatasi, penseli ikaning'inizwa kwa uzi, na kila aliyetaka mkutano aliandika jina lake na saa yake. Lakini penseli hufutika. Karani akiandika asubuhi, meneja akipita mchana anafuta kwa kidole kilicholoweshwa mate, anaandika lake, anakwenda zake. Ofisi nzima walikuwa na neno lao la jambo hilo: kusukumwa. "Leo tumesukumwa," watu walisema, wamesimama koridoni na vikombe vya kahawa wakitafuta pa kukaa, wala hawakukasirika. Walisema kama mtu anavyosema leo theluji imeanguka.

Aliyekasirika alikuwa Orest Pawluk peke yake, kwa sababu wakubwa wakisukumana, anayebeba meza ni yeye.

Orest alikuwa mtunza jengo. Kazi yake ilikuwa tanuru la chini, taa, chumvi ya kumwaga kwenye ngazi ili barafu ya Winnipeg isivunje watu viuno, na meza. Hasa meza. Kampuni ile ilikuwa ya bima ya mashamba. Kampuni ya bima huuza maneno, na maneno hayakosi kutaka meza. Bwana Lockerby, mkuu wa mauzo, alizitaka zikae nusu duara, yeye katikati kama picha ya ukutani. Bi Thorsteinson, mkuu wa madai, alizitaka safu kwa safu kama kanisani. Mafahali wawili hawakai zizi moja, ndivyo isemwavyo. Haisemwi kwamba wakiligombea, anayekanyagwa ni yule anayefagia.

Na Orest alikanyagwa. Machi ya mwaka uliopita, mkewe Lesia alikuwa hospitali, na daktari alikuwa amesema saa yake ya kufa si leo wala kesho. Likizo za Orest zilikuwa zimekwisha, basi akaja kazini. Asubuhi ile majina mawili yalikuwa kwenye karatasi ya mlangoni, moja limeandikwa juu ya lingine. Alipanga nusu duara. Akaambiwa apange safu. Wakubwa wawili wakakaa ofisini kwa mmoja wao wakibishana, kisha akaambiwa arudishe nusu duara. Simu yake ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa chini kwenye msumari, maana wakubwa walikuwa wamekataza watu wa chini kupanda na simu. Simu ikaita mpaka ikachoka. Aliposhuka, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akaiona. Alipofika hospitali, shuka lilikuwa limeshafunika uso.

Kampuni ilituma maua. Kwenye kadi paliandikwa: Pole kwa kifo cha mke wako. Orest aliigeuza kadi atafute jina nyuma, hakuliona. Lesia alikuwa amepika katika jiko la ofisi ile ile, ghorofa ya chini, miaka kumi na minne. Lockerby alikuwa akinywa supu yake ya bitiruti na kuomba krimu iongezwe. Makarani, madereva, watu wa kupokea simu za wateja, wote walimwita Lesia. Wakubwa walisema "yule mama wa jikoni", na kufa kwake hakukumwongezea jina.

Tangu hapo Orest hakuwa na neno jema kwa mtu mwenye ofisi yenye mlango.

Maricel Dumlao alikuja vuli, kusimamia mapokezi na utaratibu wa ofisi. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye koti lililomzidi urefu na kicheko cha puani. Alimwita Orest mjomba, maana kwao mtu mzima haitwi jina kavu, na Orest, ambaye hakuna aliyemwita chochote zaidi ya "Orest, meza!", akawa hajui aweke wapi uso wake.

Hazikupita wiki nyingi akaibandua ile karatasi ya mlangoni. Akawakusanya watu jikoni, akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia mkate.

"Hii ni kalenda moja," akasema. "Yangu, yako, ya bosi, ni hii hii. Ninachokiona mimi sasa ndicho unachokiona wewe sasa. Na chumba nimekipa anwani yake kama mtu. Ukikitaka, unakialika. Kikiwa huru kinakubali. Kikiwa na wageni kinakataa. Basi."

"Na Lockerby akikialika?" akauliza dereva mmoja.

"Kikiwa na wageni, kinakataa."

"Na yule mkubwa wa makao makuu, Toronto?"

"Chumba hakijui cheo, ndugu yangu. Kinajua saa tu."

Watu wakacheka. Orest hakucheka. Alikuwa amesimama na ufagio mlangoni. "Binti," akasema, "hapa wamepita wasomi na vyeti vya kufunika ukuta. Kila mmoja alikuja na dawa yake. Dawa ikipanda ghorofani, inageuka maji."

"Haya, mjomba. Nipe mpaka theluji ishike. Ikigeuka maji, utaninywesha."

Jambo la kwanza aliloligundua alipohamisha majina ya karatasi kwenye kalenda liliwachekesha watu mwezi mzima. Kila Jumanne asubuhi chumba kikubwa kilikuwa na jina la Bwana Abernethy, na kila Jumanne asubuhi kilikuwa kitupu. Hakuna aliyethubutu kuingia. Maricel akauliza Abernethy ni nani. Wakamwambia alikuwa mkurugenzi. Amestaafu, siku nyingi, amehamia Arizona kwenye jua. Kumbe kila Jumatatu karatasi mpya ilikuwa inanakiliwa kutoka ya wiki iliyopita, na mkono uliokuwa ukinakili haukuthubutu kuruka jina la mkurugenzi. Maricel akampigia simu. Mzee alikuwa uwanjani anacheza gofu. "Bado nina chumba?" akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Waambie nimekiachia. Na mumpe kiti changu mtu anayefanya kazi."

Orest aliposikia, alitikisa kichwa. "Wanamheshimu hata asiyekuwepo," akasema, "mradi alikuwa mkubwa."

Maneno hayo aliyasema yeye mwenyewe. Aliyakumbuka baadaye.

Vita ya kwanza ilikuja kabla theluji haijashika. Orest alikuwa juu ya ngazi koridoni anabadilisha taa. Bi Thorsteinson akatokea na wageni wanne, mkono wake umeshafika kwenye kitasa cha chumba kikubwa. Kando ya mlango Maricel alikuwa ameweka kioo kidogo kilichounganishwa na kalenda: kijani chumba kikiwa huru, chekundu kikiwa na watu. Kilikuwa chekundu. Ndani walikuwa watu wapya wa simu, wanafundishwa kazi.

"Watoke," akasema Bi Thorsteinson. "Waambie ni dakika kumi."

Maricel akainuka mapokezi, akaja kwa mwendo wake wa polepole, kalamu sikioni. "Ulikialika, Bi Thorsteinson?"

"Nimwalike nani?"

"Chumba."

"Mimi sialiki vyumba, Maricel. Mimi naingia."

"Ungekialika kingekuambia kina watu. Haidhuru. Nimeshakushikia cha ghorofa ya tatu sasa hivi, na kahawa imepanda. Wageni wako wataona mto umeanza kuganda."

"Mto?" mgeni mmoja akasema. "Twende tukauone."

Wakaenda. Bi Thorsteinson naye akaenda, mdomo umefungwa kama mkoba. Orest alibaki juu ya ngazi, taa mkononi, amesahau alichopandia. Angekuwa yeye, angempiga yule mama kwa maneno hadi mlango utetemeke, na kesho yake angefukuzwa kazi. Maricel hakumshinda mtu yeyote. Alimpa pa kwenda. Watu wa simu ndani hawakujua hata kwamba nusura wasukumwe, waliendelea kusoma.

Na ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Lockerby alijaribu kwa maneno matamu, akapewa chumba kingine. Alijaribu kwa sauti kubwa, akapewa chumba kile kile kingine. Kila jioni Orest alitazama kalenda ya kesho kwenye kompyuta kuukuu ya chini, akajua nani anataka nusu duara na nani anataka safu, akapanga mara moja, akaenda nyumbani. Mgongo wake ndio uliotangulia kuamini. Moyo ulichelewa, lakini nao ukaanza kusogea.

"Binti," alimwambia Krismasi ikikaribia, akimwekea mezani bakuli la pyrohi, vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, alizopika kwa mkono wake mwenyewe, nyingine zimepasuka, "sijawahi kuona mtu anawakatalia wale na bado wanamsalimu."

"Si mimi ninayekataa, mjomba. Ni chumba."

"Chumba hakina ulimi. Chukua, ule."

Ilipoingia Januari, bomba la chini ya kanisa la kina Orest lilipasuka kwa baridi na ukumbi wa chakula ukawa barafu tupu. Padri akasema ukumbi hautafunguliwa mpaka Pasaka. Na mwaka mmoja tangu Lesia afe ulikuwa unatimia Machi, siku ya Alhamisi. Kwao, mtu akitimiza mwaka, watu hukaa mezani, wakala ngano iliyochemshwa na asali, wakamtaja. Mwaka wa marehemu hausubiri fundi bomba.

Orest alikuwa anajua anapopataka. Hakupataka kwa sababu ni pazuri. Chumba kile kilikuwa kimemlia saa ya mwisho ya mkewe, naye alitaka kikae na jina la Lesia, hata kwa saa mbili, pasiwe na mtu wa kumwambia ahamishe meza.

Akamwendea Maricel. "Hiki chumba chako, mtu kama mimi kinamkubali?"

"Watu wamefanyia sherehe za watoto humo saa ya chakula. Mfanyakazi ni mfanyakazi."

"Basi niandikie."

"Hapana, mjomba. Kialike mwenyewe. Nikikuandikia mimi, kesho watasema nimekupendelea."

Ilikuwa Alhamisi. Akashuka, akavaa miwani, akakaa mbele ya kompyuta, na kwa kidole kimoja akaanza. Mashine ikamwuliza kichwa cha mkutano, akaandika Lesia. Ikamwuliza saa, akaandika saa sita hadi saa nane. Halafu kulikuwa na kisanduku kinachosema kuanzia, na kingine kinachosema hadi. Cha kwanza kilikuwa kimeshajazwa tarehe ya siku ile ile, akaona hakimhusu. Kwenye cha pili akaweka siku yake ya Machi. Mashine ikamwuliza kitu kuhusu kila wiki, akabonyeza ndiyo, maana mtu akikuuliza sana unasema ndiyo ili akuache. Muda si muda jibu likaja: chumba kimekubali. Orest akavua miwani akaifuta. Haikuwa na uchafu.

Alhamisi iliyofuata alipanda saa sita kukagua taa. Kile kioo kando ya mlango kilikuwa chekundu, na juu ya wekundu kimeandikwa: LESIA. Chini yake, kwa herufi ndogo: gusa hapa ukifika. Orest akasimama pale kama mtu aliyeitwa na mtu nyuma yake. Hakujua amekosea nini, ila aliona kwamba jina liko mlangoni na chumba kinamsubiri mwenyewe. Akagusa. Akaingia, akakaa. Viti vile alikuwa amevibeba miaka yote, siku ile ndipo alipoujua ulaini wake. Akatoa mkate wake mweusi na soseji, akala akitazama magari uani, yamefungwa nyaya za umeme puani kama farasi, injini zisigande.

Alhamisi ya pili akarudi. Na ya tatu.

Ghorofani nako mambo yalikuwa yanachemka. Wakubwa walifungua kalenda wakamwona Lesia, kila Alhamisi, chumba bora, saa bora. Penye jina la aliyealika palionyesha Huduma za Jengo tu, kama wanavyoandikwa wageni wazito ambao ujio wao hautangazwi. Bi Thorsteinson akawaambia watu wake wasafishe meza kila Alhamisi. Lockerby akahamishia chakula chake cha wauzaji ghorofa ya tatu bila hata kunung'unika. Siku moja alimkamata Orest kwenye ngazi, akateremsha sauti.

"Orest. Wewe uko karibu na mambo ya vyumba. Huyu Lesia. Ni wa Toronto?"

Orest akamtazama. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa yote kwa mpigo mmoja.

"Huja Alhamisi tu," akasema.

"Mkali?"

Orest akamkumbuka Lesia na mwiko mkononi. "Akikuta pachafu, ndiyo."

Lockerby akainyoosha tai yake, pale pale kwenye ngazi, akapanda. Orest alishuka hadi kwenye tanuru akakaa juu ya ndoo. Miaka kumi na minne amewawekea supu mezani na hawakulijua jina. Leo jina bila supu linawanyoosha tai! Akasema moyoni: waache waogope. Waogope mpaka Machi.

Lakini kalenda moja huonekana na wote, na Maricel alikuwa na macho. Alhamisi iliyofuata akaufungua mlango taratibu, akamkuta Orest na mkate wake kwenye kichwa cha meza ya watu ishirini.

"Mjomba."

"Karibu. Kuna viti."

Akakaa. "Ulikosea ulipoandika, siyo?"

"Ya kwanza nilikosea. Hizi nyingine si makosa."

"Najua Lesia ni nani. Watu wa simu wameniambia. Ile siku ya Machi ni yako, hakuna wa kuigusa. Lakini hizi nyingine uziachie. Chumba cha watu ishirini hakiwezi kushikwa na mtu mmoja na soseji."

"Abernethy alikishika miaka na hakuwa hata na soseji."

"Na nikamwondoa."

"Yule alikuwa anacheza gofu. Huyu ni mke wangu!"

"Mjomba," Maricel akasema, na sauti yake haikupanda, "nikikuachia wewe kwa sababu nakupenda, nitamwachia Lockerby kwa sababu namwogopa. Ni mlango ule ule. Halafu Machi atakuja akusukume, na mimi nitakuwa sina la kumwambia."

Orest akafunga mkate wake kwenye karatasi. "Kumbe na wewe ni wao," akasema, akatoka.

Koridoni, karibu na dirisha, watu wawili wa simu walikuwa wanakula wamesimama, bakuli mkononi, makoti mabegani kwa baridi ya kioo. Hawakumwona.

"Kwa nini mko huku?" mwenzao mmoja akawauliza akipita.

"Tumesukumwa. Kila Alhamisi tunasukumwa siku hizi."

"Na nani tena?"

"Na Lesia."

Neno lile lilimpata Orest kama mlango unaofungwa na upepo. Lesia! Lesia, ambaye mtu akiegemea ukuta na sahani mkononi alimvutia kiti kwa mguu, akimfokea kwamba farasi ndio wanaokula wamesimama. Miaka kumi na minne hakuna mtu aliyekula amesimama mbele yake. Na leo jina lake linasukuma watu koridoni, sawasawa na penseli ya Lockerby. Na aliyelishika mkono likasukuma ni mumewe.

Hakurudi kumwomba Maricel radhi. Midomo yake haikuwa na njia hiyo. Alishuka, akavaa miwani, akaziachia Alhamisi moja moja, kila mara mashine ikimwuliza kama ana hakika. Akabakiza moja. Aliposimama kumwaga chumvi kwenye ngazi jioni, Maricel alikuwa anatoka, kofia imefika nyusi. Akamgusa kiwiko akapita.

Wakubwa waliona Alhamisi zimefunguka, wakapumua. Lesia amebaki na siku moja tu. Na siku hiyo, hiyo hiyo, ndiyo Lockerby alipangiwa kupokea wageni wa makao makuu. Akakialika chumba. Chumba kikakataa. Akakialika tena, kana kwamba mara ya kwanza hakikusikia. Kikakataa. Akatoka hadi mapokezi, shingo nyekundu kushinda kile kioo.

"Maricel, mhamishe huyu Lesia."

"Siwezi, Bwana Lockerby."

"Una ufunguo wa kalenda nzima. Unaweza."

"Uwezo ninao," akasema Maricel. "Nikiutumia leo, kesho nirudishe karatasi na penseli, tuanze tena kufutana. Aliyeshika ndiye anayeachia. Kamwombe."

"Yuko wapi?"

"Huduma za Jengo. Chini."

Lockerby hakuwahi kushuka huko. Orest alisikia viatu vya ngozi vikisita kwenye ngazi za chuma, akajua si mtu wa kazi. Akaendelea kufunga bomba.

"Orest. Huyu Lesia, umemwekea wewe?"

"Mimi."

"Ni nani hasa?"

"Mke wangu."

Lockerby akatabasamu nusu, akisubiri mzaha umalizike. Haukumalizika. "Anafanya kazi wapi?"

"Alifanya hapa. Jikoni. Ulikuwa ukimwomba aongeze krimu."

Tanuru likanguruma, likanyamaza. Lockerby akatazama koti la Orest kwenye msumari, kama mtu anayetafuta pa kuweka macho.

"Sikujua alikuwa anaitwa..."

"Najua hukujua. Alhamisi hiyo anatimiza mwaka. Mwaka jana saa kama hizo nilikuwa juu, nakupangia nusu duara, halafu safu za mwenzako, halafu nusu duara yako. Simu ilikuwa hapo." Akaonyesha koti kwa spana. "Ulitaka kuniomba nini, Bwana Lockerby?"

Orest alikuwa na majibu mengi ameyatayarisha mwaka mzima ya kujibu lolote ambalo mtu huyu angesema. Hayakuhitajika. Lockerby akageuka, akapanda, na safari hii viatu havikusita, vilikimbia.

Orest hakulala vizuri siku zilizofuata. Aliwajua. Mkubwa aliyeaibika ni hatari kuliko mkubwa aliyekasirika. Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha taa, alifungua kalenda kuangalia kama jina lipo. Lilikuwepo. Maricel alikuwa ameshika ghorofa ya tatu kwa wageni wa Lockerby saa sita, na chumba kikubwa kuanzia saa nane, Lesia akimaliza. Amepanga pande zote mbili kama mtu anayepika vyungu viwili kwenye jiko moja bila kuunguza hata kimoja.

Alhamisi ikafika, baridi imelegea kidogo, maji yanadondoka kwenye michirizi. Walikuja watu wa simu, madereva, makarani, wanawake wawili wa kwaya, na padri akiwa amevaa buti za theluji chini ya joho. Orest alizipanga meza zote kuwa moja ndefu, kama nyumbani. Palikuwa na ngano na asali, pyrohi na vitunguu vya kukaanga, kabichi zilizoviringishwa wali, mkate mweusi, na sufuria ya supu ya bitiruti aliyoipika kwa kukumbuka, ikakosa kitu fulani ambacho hakuna aliyekijua. Maricel alileta tambi za kwao, "maana nazo ni ndefu, mjomba, maisha yawe marefu." Waliimba wimbo wa marehemu, Kumbukumbu ya Milele. Kila mtu alikaa. Kiti hakikumkosa mtu.

Harufu ya vitunguu ilipanda hadi ghorofa ya tatu, na inasemekana mgeni mmoja wa Toronto aliuliza mara mbili nani anapika.

Saa nane ilipokaribia, Orest akainuka akaanza kukusanya sahani.

"Kaa, mzee, bado mapema," dereva mmoja akasema. "Waache wasubiri! Sisi tumewasubiri miaka mingapi?"

"Saa nane chumba ni cha mwingine," akasema Orest. "Lesia hasukumi mtu."

Wakasaidiana wote, meza zikafutwa, madirisha yakafunguliwa. Orest akapanga nusu duara, mara moja. Kisha akaenda kufungua mlango.

Koridoni alikuwa amesimama Lockerby, wageni wa makao makuu nyuma yake na mikoba yao. Walikuwa wamewahi. Kioo kando ya mlango kilikuwa bado chekundu, na jina bado liko juu yake. Mgeni mmoja, mwanamume mrefu, akanyoosha mkono kuelekea kitasa.

"Subiri," Lockerby akamwambia. "Bado kuna mtu."

"Nani?"

Lockerby akamwona Orest amesimama mlangoni na kitambaa begani. Akalitazama lile jina.

"Lesia Pawluk," akasema. "Alikuwa mpishi wetu."

Orest hakumsamehe. Jambo hilo halikuwa la koridoni, wala la siku moja. Lakini mezani pembeni alikuwa amebakiza keki ya asali. Akamkatia kipande, akampa kwenye kitambaa cha karatasi. Lockerby akakipokea kwa mikono miwili, hajui akile au akishike, na wote wakabaki wamesimama hapo, wakubwa wa Toronto na mikoba yao, wakimsubiri Lesia amalize, mpaka jina likatoka kwenye kioo.